Swali la Lugha: "Kosa" na "shaka" katika ripoti ya vipimo

Swali: Ninaandika ripoti kuhusu kemikali za ubongo zinazopimwa kwa spektroskopia, yaani njia ya kutambua kemikali kwa mawimbi yake, katika mashine ya MRI. Programu huoanisha kielelezo (mfano wa kihisabati) na vilele vya spektra (mchoro wa mawimbi hayo), kisha hutoa asilimia kwa kila kemikali. Nimeandika: "Vipimo vyenye kosa linalozidi asilimia 20 viliondolewa kwa kuwa si sahihi." Msimamizi wangu amelipinga neno "kosa". Je, ana haki?

Jibu: Ana haki, na "si sahihi" nayo ina kasoro kubwa zaidi. Kosa ni jambo lililokwenda kinyume na lilivyotakiwa. Asilimia unayoitaja, yaani kikomo cha Cramér na Rao, haisemi kwamba kuna kilichokosewa. Inaeleza kadirio lingeyumba kwa kiasi gani, kutokana na kelele zilizomo katika mawimbi, iwapo kipimo kingerudiwa na kielelezo kikawa kinafaa kabisa. Hiyo ni shaka. Tena ni kikomo cha chini, kwa hiyo andika "shaka isiyopungua asilimia 20". Ukiandika "isiyozidi" utakuwa umegeuza maana, maana shaka halisi yaweza kuwa kubwa kuliko hapo.

Sasa tazama "si sahihi". Chukua NAA (N-asetilaspartati), kemikali iliyomo hasa katika seli za neva, ambayo kilele chake kikuu hukaa karibu na 2.0 ppm, kizio cha mahali pa kilele kwenye spektra. Shaka ikiwa kizio 1 na kiasi kilichopatikana ni 10, asilimia ni 10. Shaka ikibaki ileile na kiasi kikawa 4, asilimia hupanda hadi 25. Kipimo cha pili ni kizuri sawa na cha kwanza, ila NAA yenyewe ni haba, kama inavyotokea penye uvimbe ulioharibu seli za neva. Ukikiondoa kwa jina la usahihi, unamwondoa mgonjwa uliyekusudia kumchunguza, na wastani wa kundi lake unapanda isivyo haki.

Neno "kosa" lihifadhi kwa mahali pake. Mafuta ya ngozi ya kichwa yakipenya katika eneo linalopimwa, na kielelezo kikayahesabu kuwa kemikali iitwayo laktati karibu na 1.3 ppm, hilo ni kosa, hata kama asilimia iliyochapwa ni ndogo. Litafute katika mabaki, yaani kinachosalia baada ya kielelezo kutolewa kwenye spektra: yakiwa kelele tupu, sawa, yakionyesha kivimbe mahali pamoja, kuna kitu ambacho kielelezo hakikukieleza. Hata hivyo mabaki safi hayatoshi, kwa kuwa vilele vikiwa vipana mno huingiliana, na programu huweza kuvigawa vibaya pasipo kuacha alama.

"Kuoanisha" umelitumia vyema. Usilibadilishe kuwa "kulinganisha", ambalo ni kutazama tu kufanana na kutofautiana kwa vitu viwili. Sentensi yako iwe hivi: "Vipimo vyote vilivyobaki viliripotiwa pamoja na shaka yake ya chini kwa vizio vya kiasi chenyewe, si kwa asilimia; vilivyoondolewa ni vile ambavyo mabaki au upana wa vilele ulionyesha kwamba uoanishaji haukufaa."