Kwenu mnaoanza ukapiteni wa petanki

Wadogo zangu mliopewa timu za wanawake za petanki hapa Lubumbashi, mchezo wa kurusha mipira ya chuma (bule) ikae karibu na kimpira kidogo cha shabaha (koshone), nimecheza miaka 14, na 9 kati yake nimekuwa kapiteni. Wengi hudhani kapiteni ni yule mwenye mkono mzuri kuliko wote. Kazi yake hasa ni kuamua nani arushe, lini, na kama ni kupwente, yaani kuisogeza bule karibu na koshone, au kutire, yaani kuigonga bule ya mpinzani iondoke.

Anzeni na udongo. Uwanja wetu wa Kamalondo una udongo mwekundu. Mwezi wa saba unakuwa mgumu kama tofali, bule ikianguka inaruka na kukimbia. Mwezi wa kwanza, mvua ikishanyesha, bule ileile inazama pale ilipoangukia. Kabla ya kurusha, tembea toka duara la kurushia hadi koshone. Ni mita 6 hadi 10 tu. Tazama wapi pana kokoto na wapi panateremka, kisha simama karibu na koshone umwonyeshe mwenzako kwa kidole mahali bule iguse chini kwanza. Macho yake yabaki hapo, asiangalie koshone. Mimi nilichukua miaka miwili kuelewa jambo hili, kwa sababu hakuna aliyeniambia.

Sasa niwaambie kosa langu kubwa. Tulikuwa fainali, sisi 12, wao 10. Mchezo unaisha kwa 13, kwa hiyo tulihitaji pointi moja tu. Wapinzani walikuwa wamemaliza bule zao, na mbili zao ndizo zilizokuwa karibu zaidi na koshone, ya kwanza umbali wa mkono hivi. Sisi tulibaki na bule mbili, zote za msichana wetu mdogo. Kupwente taratibu kungetosha. Lakini watu waliojaa pembeni walikuwa wanapiga kelele, "Tire! Tire!", nami nikamwambia atire. Akakosa ya kwanza. Nikarudia amri ileile, akakosa tena. Bule zao mbili zikawapa pointi mbili, ikawa 12 kwa 12, na duru iliyofuata tukapoteza. Halafu nikafanya baya zaidi: nikasema mbele ya watu wote kwamba yeye ndiye aliyetuangusha. Wiki tatu hakuja mazoezini.

Wakati huo nilikuwa nafuatilia kwenye simu mchezo wa kalingi, wa kusukuma mawe ya karibu kilo 20 juu ya barafu. Unafanana sana na wetu: kila mtu ana mawe mawili, na kapiteni husimama ng'ambo akionyesha jiwe lielekee wapi. Eve Muirhead wa Scotland alikuwa kapiteni wa Uingereza kwenye Olimpiki ya 2018. Katika mechi ya medali ya shaba dhidi ya Japani, jiwe la mwisho lilikuwa lake, likakosea, na medali ikaenda kwa Wajapani. Baada ya hapo akafanyiwa upasuaji wa nyonga, na timu ile ikabadilika. Hata nafasi ya kwenda Olimpiki ya Beijing aliipata kwenye mashindano ya mwisho ya kufuzu, Desemba 2021. Miezi miwili baadaye alicheza fainali na Wajapani walewale, akashinda 10 kwa 3. Nilipojua habari hii yote nililia, kwa sababu nilikumbuka kwamba bule zile mbili hazikuwa za yule msichana. Zilikuwa zangu, mimi niliyeamua.

Nilikwenda kwao Katuba, nikamwomba msamaha mbele ya mama yake.

Mengine ni mafupi. Mkipima kwa mita, pimeni wapinzani wakiona, na kama mguu wako umegusa bule, sema mwenyewe kabla hujaulizwa. Mtireri mpe bule nyepesi kidogo, gramu 680 au 690. Mpwenteri anaweza kushika nzito zaidi. Pesa za usafiri ziandikwe kwenye daftari, na daftari lisikae kwa kapiteni, maana timu nyingi za wanawake nimeziona zikivunjika kwa pesa kuliko kwa kushindwa. Na wazazi wa wasichana waendeeni nyumbani mapema, waone ni nani anayewachukua mabinti zao kwenda uwanja ulio jirani na baa.

Yule msichana leo ndiye mtireri wetu wa kwanza. Jumamosi iliyopita tulikuwa 12 kwa 11, watu wanapiga kelele zilezile. Nilimwuliza, "Mkono unasemaje?" Akatikisa kichwa, "Yaya, dada yangu, tupwente." Tukapwente.