Papai la kuvundika: mbona linaiva bila utamu?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina mipapai huku Nachingwea na mapapai nayauza Mtwara mjini. Kwa kuwa njia ni ndefu, nayachuma yakiwa kijani kabisa, kisha nayavundika kwenye gunia pamoja na ndizi mbivu. Yanageuka manjano na kulainika, lakini wateja wanalalamika hayana utamu. Ndizi nikizivundika hivyohivyo zinakuwa tamu. Tatizo ni nini?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Kuvundika kwako hakuna kasoro. Kasoro iko kwenye siku ya kuchuma.

Ndizi mbichi imejaa wanga, kama sehemu moja ya tano ya uzito wa nyama yake. Ukiivundika, vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ndani ya tunda, vinaugeuza wanga huo kuwa sukari. Papai halina akiba hiyo. Wanga wake haufiki hata asilimia 1. Sukari yake inatoka kwenye majani na kuingia kupitia kikonyo, na sehemu kubwa huingia wiki za mwisho kabla ya kuiva. Wakati huo kimeng'enya kiitwacho invertesi huongezeka ndani ya tunda. Kinaivunja sukari inayofika kuwa glukosi na fruktosi, na hivyo tunda linazidi kuvuta nyingine kutoka majanini. Ukikata kikonyo mapema, umefunga bomba.

Sasa mbona linalainika? Hapo vinafanya kazi vimeng'enya vingine. Gesi ya ethilini inayotoka kwenye ndizi zako inaliamsha papai, nalo linaanza kutoa ethilini yake. Kijani cha ganda kinafifia, na vimeng'enya kama poligalakturonesi vinaivunja pektini inayoshikilia seli pamoja. Ulaini huanzia ndani karibu na mbegu, ukaelekea kwenye ganda. Nyama laini huachia maji yake haraka mdomoni, kwa hiyo ulimi unaweza kuhisi utamu kidogo, ila sukari yenyewe haijaongezeka.

Subiri mstari wa manjano utokee kwenye kitako cha tunda. Papai la namna hiyo bado ni gumu, safari linaivumilia. Pasua moja uone: mbegu ziwe nyeusi. Zikiwa nyeupe, yaliyobaki yaache mtini. Tazama na utomvu pia. Papai changa ukilikwaruza linatoa maziwa mazito, meupe. Lililokomaa hutoa machache, mepesi kama maji.

Maziwa hayo yana papaini, kimeng'enya kinachovunja protini, nacho hupungua kadiri tunda linavyoiva. Kwa hiyo machanga yanayoanguka shambani usiyatupe, wauzie wachoma nyama. Kulainisha nyama ngumu kunataka papai bichi, bivu halitawafaa.

Gunia silipendi, linaponda. Mapapai yenye mstari yapange tabaka moja kwenye kreti lenye nyasi kavu, vikonyo vikiangalia chini. Yataiva yenyewe, na ndizi hutazihitaji tena.