Kabla Hujanunua Bomba la Baskeli

Ukienda dukani kununua bomba la kusimama, lile la kukanyaga kitako na kusukuma kwa mikono miwili, usianze na rangi. Uliza kwanza: "Hili linafunguka?" Natembelea baskeli hapa Wete tangu skuli, na chumvi ya bahari naijua. Hakuna bomba litakalobaki jipya Pemba. La kufunguka utalitengeneza, lililogandishwa utalitupa.

Kazi yote inafanywa na washa iliyo kwenye pistoni, ya ngozi au ya mpira. Ikikauka au ikilika, utasukuma mpaka mabega yaume na tairi liko vilevile. Ya ngozi haina shida: fungua kifuniko cha juu, itie mafuta, itanue ukingo kwa kidole mpaka ibane ukuta wa silinda, na bomba linarudi kazini. Ya mpira usiitie mafuta ya injini, itavimba na kuharibika. Hiyo inataka grisi ya silikoni. Ndiyo maana natafuta kifuniko chenye hesi.

Lijaribu palepale dukani. Ziba tundu la kichwa kwa kidole gumba, kisha sukuma mpini taratibu. Bomba zima litakugomea, na ukiachia, mpini utapanda wenyewe. Ukizama mpaka chini huku upepo unavuja pembeni, lirudishe. Muuzaji akikukataza kujaribu, nenda duka jengine.

Wengi hupenda bomba nene. Ni zuri kwa tairi nene, maana kila msukumo unaingiza upepo mwingi. Lakini kipenyo cha silinda kikiwa mara mbili, nguvu inayotakiwa kwa presha ileile inakuwa mara nne. Tairi jembamba la baskeli ya mashindano, linalotaka presha ya PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 80 mpaka 100 na zaidi, litakutoa jasho bure. Hilo tafutia bomba jembamba. Kikomo cha tairi lako kimeandikwa ubavuni mwake. Kisome.

Geji, ile saa ya kupimia upepo, mimi naitaka, tena yenye namba kubwa. Njia zetu ni vilima na mawe, na msimu wa karafuu gunia linakaa kwenye keria. Tairi likiwa legevu, ringi inaibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba. Fundi akikuonesha pancha ya namna hiyo, usitafute mwiba, ongeza upepo. Ila kwenye vali za kizamani zenye kijimpira ndani, geji husoma juu kuliko upepo uliomo, kwa sababu kile kijimpira kinazuia upepo usirudi kwenye bomba. Hapo bonyeza tairi kwa kidole pia.

Kichwa kikubali vali yako. Vali nene ni ileile ya gari na Vespa, kwa hiyo bomba moja litahudumia nyumba nzima. Vali nyembamba inataka tundu lake. Vichwa vyenye matundu mawili vipo, na ndivyo ninavyovipendelea.

Kitako kiwe cha chuma, kipana, kisichotetereka ukikanyaga. Cha plastiki huvunjika panapokaa mguu.

Halafu, kabla hujatoa pesa, mpitie fundi wako wa mtaani umuulize kama washa ya saizi hiyo inapatikana. Akisema ipo, lipa.