Raskazone tunajuana, ila kuta zinapanda

Mmeuliza wiki hii kama mtaa wa wenye nacho, mjini, unaweza kuishi kama kijiji. Nakaa Raskazone, Tanga, na jibu langu ni ndiyo, unaweza. Ila wanaoufanya uwe kijiji si sisi wenye mageti.

Kwa wasiopajua, Raskazone ni rasi inayoingia baharini, ukishaupita mtaa wa Bombo. Viwanja ni vikubwa, miembe imezeeka, na upepo wa bahari haukatiki. Wakati wa mkoloni ilikuwa makazi ya wakubwa, na utajiri wa mji ulitoka kwenye mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta nchini mwaka 1893. Hapa ndipo majeshi ya Waingereza kutoka India yaliposhukia Novemba 1914 kuja kuuteka mji, yakapigwa na Wajerumani, na nyuki waliotibuliwa na risasi wakawaongezea. Baadaye likaja Azimio la Arusha la 1967, mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa, na bei ya mkonge nayo ilikuwa imeshaanza kuanguka. Nyumba zikapata wenyewe wapya.

Kujuana kwetu kunaanzia kwenye umbo la mahali penyewe. Hakuna anayepita Raskazone kwenda kwingine. Gari geni likiingia, ama limekuja kwa mtu, ama limekuja baharini, na kabla halijazima injini walinzi wa nyumba tatu wameshajua ni la nani.

Hao walinzi ndio ninaotaka kuwasema. Wao, madada wa kazi, watunza bustani, na muuza samaki wetu. Huyu huja asubuhi na baiskeli, tenga limefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu na kufunikwa gunia bichi. Anajua nyumba ipi haili pweza, na ipi inataka changu aparwe pale pale getini. Akiparua, anazungumza: mama wa nyumba ile amelazwa, mtoto wa fulani amefaulu, bibi wa pembeni hajatoka nje tangu juzi, mkamwangalie. Siku hiyo tulikwenda kumwangalia bibi, tukamkuta na homa kali, yuko peke yake. Majirani tunaotazamana geti kwa geti hatukuwa na habari.

Mimi nimezaliwa Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba, nyumba zimegusana na uani mnasikilizana. Mtu akifiwa usiku, kilio chenyewe kinawaamsha. Huku lazima habari iwe na mtu wa kuibeba. Mzee mmoja jirani alipofariki, mlinzi wa nyumba nyingine kabisa ndiye aliyezunguka alfajiri kugonga mageti. Hadi saa tatu turubai lilikuwa limesimama, mikeka imetandikwa, masufuria yamefika. Watu ambao kwa miaka walikuwa wakipungiana mikono tu kwenye magari walikaa chini pamoja wakimenya vitunguu. Ilikuwa Ngamiani mtupu, na nilifurahi ndani ya msiba, Mungu anisamehe.

Kinachoniuma ni kwamba jioni ikifika wengi wa watu hawa hupanda baiskeli wakarudi mbali. Wanakishika kijiji ambacho hawawezi kulipa kodi ya chumba ndani yake. Mishahara ya wengine inacheleweshwa, na hilo huku linasemwa kwa kunong'ona, kwa sababu mwajiri ni jirani. Mimi naona lisemwe kwa sauti. Mtu anayejua dawa za mama yako na saa anazozinywa si wa kumlipa tarehe kumi na tano.

Na kuta zinapanda. Zamani mipaka mingi ilikuwa michongoma. Unasimama barabarani, unamwona mtu barazani, unamwamkia. Sasa michongoma inang'olewa, yanakuja matofali, juu yake nyaya. Tangu bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, lipangiwe kuishia Chongoleani, kaskazini mwa mji, madalali hawakauki mitaani. Simlaumu anayeogopa wezi. Lakini shikamoo haipiti kwenye tofali.

Jambo kubwa kuliko yote ni njia za kushukia pwani. Jumapili watoto wa Ngamiani na Makorora huja kuogelea, wavuvi hupitisha nyavu, wanawake hushuka maji yakipwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini sheria haimfikishi mtu ufukweni kama kichochoro kimezibwa kwa juu. Kimoja karibu na kwetu kimeanza kurundikiwa mawe ya msingi. Wakazi tumeandika barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa tukitaka kiachwe wazi kwa kila mtu, na walinzi wetu, pamoja na muuza samaki, wametia saini pamoja nasi. Mkutano umeitishwa Jumamosi hii.