Kreatinini yangu ni 88, je, figo ziko salama?

Swali: Habari daktari. Mimi ni mama wa miaka 56, naishi Busia, upande wa Uganda. Nina kisukari cha aina ya pili, mwaka wa tisa sasa. Maabara wameniandikia kreatinini 88 wakasema ni ya kawaida. Binti yangu amesikia kuna kipimo kipya cha damu kinachotabiri kama figo zitaharibika. Nitafute pesa nikapimwe Kampala?

Jibu: Mama, pesa hizo zishike kwanza. Tuanze na hiyo 88.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo zikidhoofika hubaki kwenye damu. Lakini huchelewa kupanda, na namba moja haina maana ileile kwa kila mtu. Kijana wa kiume wa miaka 30 mwenye mikromoli 88 kwa lita, figo zake huchuja takribani mililita 104 kwa dakika. Kwako wewe, kwa fomula hiyohiyo (ya mwaka 2021, inayotumia kreatinini, umri na jinsia), inatoka takribani 66. Sikutishi, bado hujafika pabaya, ila mtu akishakuambia "kawaida" bila kuuliza umri wako, hajakupa jibu. Kama unameza dolutegravir, dawa ya VVU, mwambie daktari, maana dawa hiyo hupandisha kreatinini kidogo bila kuumiza figo.

Binti yako hakudanganywa. Mwaka 2012 watafiti wa Joslin, kituo cha kisukari kule Boston, walionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari wenye vipokezi vingi vya TNF (protini zinazohusiana na uvimbe wa ndani ya mwili) kwenye damu ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya figo kushindwa kabisa. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha KidneyIntelX, kipimo kinachounganisha vipokezi hivyo, protini iitwayo KIM-1 na taarifa za mgonjwa, kisha humweka kwenye hatari ndogo, ya kati au kubwa. Ni kazi nzuri, hasa kwa wale ambao figo hudhoofika bila protini kuonekana kwenye mkojo. Lakini hata ukiambiwa hatari ni kubwa, matibabu ni yaleyale tuliyo nayo tayari.

Unachokosa wewe ni kipimo cha mkojo: uwiano wa albumini (aina ya protini) na kreatinini. Usikubali kijiti cha kuchovya kwenye mkojo peke yake, kwa sababu hicho hushika protini ikishakuwa nyingi. Peleka mkojo wa asubuhi, siku ambayo huna homa, malaria wala maambukizi ya mkojo. Ukizidi miligramu 30 kwa gramu, rudia ndani ya miezi 3 hadi 6. Vipimo viwili kati ya vitatu vikiwa juu, hapo figo zimeanza kuvuja, na daktari atafikiria enalapril au losartan, dawa za presha zinazolinda figo, akiangalia potasiamu yako na presha, ambayo tunataka iwe chini ya 130/80.

Na tafadhali, kama unanunua diclofenac dukani, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, iache mpaka uonane na daktari. Mkojo ukitoka safi, rudia vipimo vyote viwili, cha mkojo na cha kreatinini, baada ya mwaka mmoja.