Kuzima Swichi Hakutoshi, Mdogo Wangu

Juzi kijana mmoja aliye kiwandani Mwanza aliniandikia: "Kaka, bosi anasema kufunga kufuli kwenye swichi kila tunapotengeneza mashine ni kupoteza muda. Nifanyeje?" Nilikaa na ujumbe huo siku mbili. Mkono wangu wa kushoto una vidole vinne na nusu.

Mwaka 2011 nilikuwa fundi wa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha unga. Mashine ya kufunga mifuko ikakwama. Nilizima swichi kuu, nikabonyeza kuwasha, kimya. Nikaingiza mkono kuchomoa mfuko uliojikunja kwenye taya. Umeme haukuwapo kweli, ila upepo wa kompresa ulikuwa bado umejaa ndani ya silinda inayosukuma taya. Mfuko ulipochomoka, taya zikafunga. Maumivu yalichelewa. Kwanza nilisikia ile "pssss", kisha nikaona unga unageuka mwekundu.

Ripoti ilisema "uzembe wa fundi". Basi. Kiwanda kizima hakikuwa na kufuli hata moja la kufungia swichi, wala hakuna aliyewahi kutufundisha. Maneno yale matatu yananiuma kuliko kidole.

Sasa sikiliza. Umeme ni nguvu moja tu. Kuna upepo, mafuta ya haidroliki, mvuke, springi iliyobanwa, mzigo ulioning'inia, chaji iliyobaki kwenye kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme. Kwa hiyo, kabla ya kugusa mashine, waambie wanaoitumia kwamba unaizima kuitengeneza. Zima, tenga kila chanzo, funga kufuli lako, tundika kibao chenye jina lako, toa nguvu iliyobaki, kisha jaribu kuwasha. Ufunguo ukae mfukoni mwako, si kwa msimamizi. Mkiwa watano, makufuli matano.

Marekani wana kanuni ya jambo hili tangu 1989. Kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Mwonyeshe bosi wako. Na acheni woga, jamani! Bosi ataajiri fundi mwingine Jumatatu. Mama yako atampata wapi mwana mwingine?

Leo nasimamia mafundi tisa, na kila mmoja ana kufuli lake jekundu. Mwezi uliopita meneja alitaka tukate kufuli la fundi aliyedhaniwa amekwenda kula, mashine iwashwe. Nilikataa, nikaenda kumtafuta. Nilimkuta ndani ya pipa la kuchanganyia, amelala chali, anakaza boliti ya mwisho.