Kuzaa baada ya kuhama: ushauri wa mama aliyelelea Göteborg

Mtoto wangu wa pili alizaliwa Göteborg miezi 11 baada ya mimi kuwasili Uswidi. Mume wangu alikuwa ametangulia, nami nilibaki Tanga na binti yetu kwa zaidi ya miaka mitatu tukisubiri kibali cha kuungana naye. Nawaandikia walio katika subira hiyo sasa, na waliofika karibuni, kwa sababu nimeona wengi wetu tukiamua idadi ya watoto kwa pupa ya kukutana tena, au kwa hofu ya maneno ya watu.

Maneno hayo niliyasikia mapema. Siku moja nikiwa na mimba kubwa, nikikunja nguo katika chumba cha kufulia cha jengo letu, jirani mmoja mtu mzima aliniambia kwa upole kabisa kwamba sisi tunaokuja tunazaa sana. Sikuwa na jibu. Leo ningemweleza kwamba mwaka 2004 mtafiti Gunnar Andersson alichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za uzazi za wahamiaji nchini Uswidi, akaonyesha kuwa wanawake wengi huzaa kwa kasi muda mfupi baada ya kufika, kisha kasi hiyo hushuka na kukaribia ya wenyeji. Sababu yake niliiishi mwenyewe: wanandoa waliotenganishwa huahirisha mtoto, na wakikutana humpata yule waliyemsubiri. Anayetuhesabu katika miaka hiyo miwili ya mwanzo tu atadhani tutafikisha watoto watano au sita. Mimi ninao watatu, na mama yangu alizaa saba.

Ufaransa nako, hesabu za mwaka 2017 zilionyesha wastani wa watoto 2.6 kwa mwanamke mhamiaji na 1.8 kwa mzaliwa wa nchi, lakini wahamiaji waliongeza wastani wa taifa zima kwa takriban 0.1 peke yake. Tena hatutoki sote katika nyumba za watoto saba. Utafiti wa afya ya uzazi Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta wastani wa watoto 5.5 vijijini na 3.6 mijini, na wengi ninaokutana nao huku walitoka mijini wakiwa wamesoma. Kwa hiyo usizae ili kuthibitisha kwamba bado ni mtu wa kwenu, wala usijinyime mtoto unayemtaka kwa kumwogopa jirani. Uswidi yenyewe ilifikia wastani wa 2.1 mwaka 1990, na mwaka 2024 ulishuka hadi 1.43, kwa hiyo kinachoitwa kawaida ya huku nacho hubadilika.

Jambo ambalo laiti ningeambiwa nikiwa bado Tanga ni la kalenda. Kila mtoto anayezaliwa hapa huwapa wazazi wake siku 480 za malipo ya kulea, na 90 kati yake ni za kila mzazi peke yake, haziwezi kuhamishiwa kwa mwenzake. Lakini ili siku 180 za mwanzo zilipwe kulingana na mshahara wako, ni lazima uwe umekuwa na kipato kwa siku 240 mfululizo kabla ya tarehe ya kujifungua inayotarajiwa. Mimi nilipata mimba kabla sijaanza hata darasa la lugha, nikalipwa kiwango cha chini cha krona 250 kwa siku. Mtoto wa tatu nilimpata baada ya miaka minne ya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na tofauti ya malipo ilitosha kulipa kodi ya nyumba. Ikiwa umri unaruhusu, tafuta kazi kwanza. Ikiwa umeshapita miaka 35, usiuchezee muda kwa ajili ya krona; zungumza na mkunga wa kliniki mapema, maana huduma hiyo ni bure.

Anayekuja na mtoto naye aulize mapema. Tangu Julai 2017, mtoto akihamia Uswidi akiwa amepita miaka miwili, wazazi wote wawili kwa pamoja hupata siku zisizozidi 100 kwa ajili yake. Sisi tulikuwa tumepanga matumizi tukidhani binti yetu analeta siku 480.

Hata hivyo upungufu mkubwa haukuwa wa fedha. Mume wangu alikuwa na siku 10 za mapumziko baada ya mtoto kuzaliwa, kisha akarudi kazini, nami nikabaki na kichanga na binti wa miaka minne katika giza la Desemba. Nyumbani ningekandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga hadi arobaini. Hapa mama alinielekeza kwa simu, akiniambia, “Mwanangu, kitambaa kiwe cha moto lakini kisikuchome,” nami nikajikanda kwa mkono mmoja, simu ikiwa juu ya sinki. Wanaume mnaosoma haya, zile siku 90 zenu msiziache zipotee. Mke wenu hana shangazi wala dada wa kazi wa kumpokea mtoto.

Tangu Julai 2024 mzazi anaweza kumgawia bibi au babu hadi siku 45 za malipo, lakini anayegawiwa lazima awe na bima ya jamii ya Uswidi, kwa hiyo bibi aliye Tanga hahusiki. Kwa mtoto wa tatu mama alikuja kwa viza ya wageni, ambayo humruhusu mtu kukaa hadi siku 90. Maombi hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari, hivyo mkithibitisha mimba hesabuni tarehe, na yaanzeni mara miezi hiyo 6 inapofunguka, ili awasili wiki chache kabla ya tarehe inayotarajiwa, maana mtoto anaweza kuwahi au kuchelewa, na siku zibaki za kutosha arobaini.